Kaggia: Ushindi wa siku moja Limuru

Marehemu Bildad Kaggia, mmoja wa wapigania uhuru sita waliohukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953, alishinda kura na bado akanyimwa ushindi. Kosa lake, ikiwa ni kosa, lilikuwa kudai wasio na mashamba wapewe ardhi bila malipo.

Katika kongamano la Kanu mjini Limuru, Machi 1966, wadhifa wa makamu wa rais wa chama, uliokuwa wa Jaramogi Oginga Odinga, ulifutwa, zikabuniwa nyadhifa nane za mikoa. Kaggia akachaguliwa Mkoa wa Kati. Kesho yake kura ikarudiwa. Akatangazwa James Gichuru.

Kaggia alimfuata Odinga chamani KPU, akapoteza kiti cha Kandara mwaka huo huo. Alifariki Machi 2005, bila utajiri.