Baba aliyezika watoto watatu, akaanzisha shule ya udaktari

Mzazi anayemtafutia mwanawe chuo cha udaktari Marekani hukuta shahada mbili: MD na DO. Hii ya pili ina mwenyewe, Andrew Taylor Still, aliyezaliwa Virginia mwaka 1828.

Udaktari alijifunza kwa baba yake, mhubiri aliyekuwa pia tabibu. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ikaua watoto wake watatu. Dawa za zama zile, nyingine zikiwa na zebaki, hazikufaa kitu. Still akaacha kuziamini, akageukia mifupa, misuli na viungo, akitibu kwa mikono. Tiba hiyo akaiita osteopathi.

Wengi walimcheka. Hata hivyo, mwaka 1892 alifungua shule Kirksville, Missouri, na darasa la kwanza lilikuwa na wanawake, jambo la nadra wakati huo. Angeweza kutoa MD, akachagua DO.

Kukataa karibu dawa zote, kwa maoni yangu, kulipita kiasi. Alifariki mwaka 1917, na shule zake zikarekebisha hilo: leo DO wa Marekani huandika dawa na kupasua sawa na MD.

Baadhi ya vyuo huunganisha shahada ya kwanza na DO kwa miaka saba au minane. Mzazi, uliza mapema mwanao atatakiwa kudumisha alama zipi ili asipoteze nafasi, na anataka kufanya kazi nchi gani. Uingereza, kwa mfano, mtaalamu wa osteopathi si daktari wa kuandika dawa.