Robert Serumaga: Fanani wa Kando ya Barabara

Robert Serumaga alizaliwa Uganda mwaka wa 1939. Alisomea uchumi katika Chuo cha Trinity, Dublin, alikosomea pia Samuel Beckett miaka mingi kabla yake, kisha akafanya kazi za redio jijini London. Aliporejea Kampala katika miaka ya 60, sanaa ilimteka. Aliunda kikundi cha Theatre Limited na, mwaka wa 1969, akachapisha riwaya ya Return to the Shadows.

Hata hivyo, Majangwa (1971) ndiyo tamthilia inayomfichua zaidi. Majangwa ni mpiga ngoma. Yeye na mkewe, Nakirijja, walizoea kutumbuiza wapita njia. Hadhira ilipochoka na ngoma, waliuza siri ya mwisho waliyobaki nayo: walitenda tendo la ndoa hadharani kwa sarafu za watazamaji. Sasa wameachwa. Wanazozana, wanasutana, wanaigiza upya fahari yao ya zamani, na mtazamaji hucheka hadi kicheko kikamkwama kooni. Mkaazi wa Kipevu, ambako malori ya Kampala huanzia safari, hahitaji kuelezwa kwamba kando ya barabara kuu kila kitu kina mnunuzi.

Wahakiki huiweka kazi hii katika kundi la tamthilia za ubwege. Lebo hiyo yaweza kupotosha. Wahusika wa Beckett humngoja mtu asiyefika. Hadhira ya Majangwa ilifika, ikalipa, ikashiba, ikaondoka. Swali la Serumaga ni hili: fanani atauza nini ili aendelee kutazamwa?

Swali hilo lilimrudia mwenyewe. Januari 1971 Idi Amin alitwaa mamlaka, na maneno yakawa hatari. Katika Renga Moi (1972), tamthilia aliyoionyesha London mwaka wa 1975 pamoja na kundi lake la Abafumi, Serumaga alichanganya lugha kadhaa za Uganda na ngoma. Katika Amarykiti (1974) mwili ulichukua karibu nafasi yote ya maneno. Kuuita uamuzi huo woga ni hukumu nyepesi mno: Byron Kawadwa, mtunzi mwenzake, aliuawa mwaka wa 1977.

Serumaga alikimbilia Kenya, akajiunga na harakati za kumng'oa Amin. Mwaka wa 1979 aliteuliwa waziri wa biashara katika serikali ya Yusuf Lule, iliyodumu siku 68 tu. Alifia Nairobi mwaka wa 1980.