Tourte na uta wa fidla
Mpiga fidla hushangiliwa ukumbini, ilhali aliyeuunda uta wake ni nadra kutajwa. Ndiyo maana yafaa tumkumbuke François Xavier Tourte, fundi Mfaransa aliyefariki mjini Paris mwaka 1835.

Baba yake alikuwa fundi wa nyuta, lakini kijana huyu alianza kwa kujifunza kutengeneza saa, kazi isiyosamehe kosa dogo. Aliporejea katika kazi ya ukoo alichagua mti wa pernambuko kutoka Brazili, ambao Wazungu waliuthamini kwa rangi nyekundu ya kutia nguo. Badala ya kuuchonga ukiwa na mviringo, aliupasha moto akaupinda, ili nyuzi za mti zisikatike na uta ubaki imara na mwepesi. Hadi leo mafundi hufuata kielelezo chake.

Mti wenyewe nao umesahauliwa vivyo hivyo. Ulikatwa kwa karne nyingi hata ukakaribia kutoweka, na tangu mwaka 2007 biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Tukimshangilia mpigaji, basi tumheshimu fundi na tuuhifadhi mti. Bila hao, fidla haitalia.