Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui na Subira ya Gerezani

Ndugu zetu wa Kitale na Bungoma, aghalabu mwatuuliza dawa ya hasira. Mtazameni Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1825 na kusoma Makka. Ukoo wake ulikuwa wa Kiibadhi. Yeye akawa Sunni wa Kishafii, akaipinga waziwazi madhehebu ya watawala. Sayyid Barghash akamtia gerezani. Mwanachuoni kufungwa kwa ilimu yake! Ghadhabu ya namna hiyo haina pa kwenda ila kwenye udhu na sijda, na udhu, kama alivyotufunza Mtume (S.A.W.), huuzima moto wa hasira. Barghash alifariki 1888, Sayyid Khalifa akamfungua. Sheikh akarejea kusomesha hata mauti yake, 1894. Alimwacha mwanawe mdogo, Al-Amin, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932.