Atossa: Malkia aliyeficha uvimbe kwenye titi

Wasoma Biblia wa Same mjini na wa Suji, kule milimani Upare, wanawajua Koreshi na Dario, wafalme wa Uajemi. Atossa, binti wa Koreshi na mke wa Dario, jina lake halimo.

Mwanahistoria Mgiriki Herodoto ndiye anayemsimulia. Akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka 30 hivi, Atossa aliota uvimbe kwenye titi. Ulipokuwa mdogo akaona aibu, akanyamaza. Malkia mzima, watumishi kila kona! Ukapasuka, ukasambaa. Hapo ndipo akamwita Democedes, tabibu Mgiriki aliyekuwa mateka ikulu.

Tabibu alitaka kwanza aapiwe: mama huyu akipona, atamtimizia ombi moja. Akapona. Kumbe jamaa alitaka kwao tu. Atossa akamshawishi Dario, Democedes akatumwa safari ya Ugiriki, akatoroka hadi kwao Croton, Italia.

Kama ilikuwa saratani au jipu, madaktari bado wanabishana, kwani Atossa aliishi hadi mwanawe Xerxes akatawala, mwaka 486 K.K. Leo mwanamke wa Same hupelekwa KCMC, Moshi: kinyama kidogo cha uvimbe kinakatwa, kinatazamwa kwa hadubini.