Hayati Dk. Walter Rodney na Kazi ya Usomi

Mhariri ameniomba habari za maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nami nimemchagua hayati Dk. Walter Rodney. Wengi wenu mnalijua jina lake kwa sababu ya kitabu kimoja tulichokuwa tukikigombania maktabani. Mimi niliyefundisha Historia miaka mingi napenda kueleza zaidi kazi iliyokitangulia kitabu kile. Bila kazi hiyo Rodney angekuwa msemaji hodari tu, na wasemaji hodari hatujapata kupungukiwa nao, hata katika chama chetu hiki.

Alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 Machi 1942, nchi hiyo ikiwa bado koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kwa akili zake alipata nafasi Queen's College, shule ya serikali ya wavulana iliyokuwa ikitoa wakubwa wengi wa nchi ile. Forbes Burnham, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alisoma hapo hapo miaka mingi kabla yake. Naomba mliweke jambo hilo akilini. Rodney alivuma shuleni kwa midahalo na riadha, na mwaka 1960 akaenda Chuo Kikuu cha West Indies kule Jamaica. Mwaka 1963 akapata shahada ya daraja la kwanza katika Historia, kisha akaelekea London.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Alitaka kuandika juu ya pwani ya Guinea ya Juu, kuanzia Gambia hadi Cape Mount, kati ya miaka 1545 na 1800. Walioandika habari za pwani ile zamani zile walikuwa Wareno hasa, kwa hiyo ilimbidi ajifunze Kireno na kupekua nyaraka za Lisbon, Seville na Roma. Kazi ya namna hiyo haina vigelegele. Mtu hushinda kutwa akifumbua mwandiko wa mfanyabiashara au padri aliyekufa karne tatu zilizopita, na jioni huondoka na mistari mitatu tu. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24, alipata udaktari wake.

Alichokiona kilikuwa kizito. Wanahistoria wengi wa Ulaya walikuwa wamezoea kusema kwamba utumwa ulikuwapo Afrika tangu zamani, na kwamba wanunuzi walikuta soko tayari. Rodney alionyesha kwamba, kwa pwani ile, maandishi ya kwanza ya Wareno hayataji tabaka la watumwa. Habari zake zinajitokeza baadaye, biashara ya ng'ambo ikiwa imekwisha kuota mizizi. Alichapisha hoja hiyo mwaka 1966, na mwaka 1969 J. D. Fage, mwanahistoria Mwingereza mwenye jina kubwa, akampinga kwamba mambo hayakuwa hivyo Afrika Magharibi yote. Kwa maoni yangu Fage alikuwa na haki kidogo kuhusu pwani nyingine. Hata hivyo hakuna aliyeweza kumwambia kijana yule kwamba hakusoma.

Mwaka 1966 alikuja kufundisha Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilitoka kijitabu chake juu ya Afrika Magharibi na biashara ya watumwa, kilichopigwa chapa Nairobi kwa ajili ya Chama cha Historia cha Tanzania. Mimi nimekifundishia hata jalada likang'oka. Mwaka 1968 alirudi Jamaica kufundisha, akawa anakwenda kusomesha historia ya Afrika kwenye vibanda vya maskini wa Kingston. Serikali haikupendezwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, akirejea kutoka mkutanoni Kanada, alikatazwa kushuka kwenye ndege, na mji ukaingia ghasia.

Akarudi kwetu mwaka 1969. Hata hapa hakuacha kubishana. Mwezi wa Desemba gazeti la TANU, The Nationalist, lilimkemea vikali katika tahariri kwa hotuba yake juu ya mapinduzi ya Afrika. Alijibu kwa maandishi, akaendelea kufundisha Mlimani hadi 1974. Mwaka 1970 alikwenda Makerere kujadiliana na Profesa Ali Mazrui mbele ya umati. Kitabu chake kikubwa, kinachoeleza namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilitolewa mwaka 1972 London na Dar es Salaam. Wengine walikilaumu kwa kukosa tanbihi nyingi. Lakini alikiandika kisomwe na watu wa kawaida, na mtu aliyekwisha kula vumbi la Lisbon alikuwa na ruhusa ya kufanya hivyo. Vijana waliokariri jina la kitabu wakaacha kusoma nyaraka hawakuwa nayo.

Mwaka 1974 alirudi Guyana akiwa ameteuliwa kuwa profesa wa Historia. Serikali ya Burnham ikafuta uteuzi huo. Rodney hakuhama. Aliingia katika siasa za upinzani, akawa akifundisha ng'ambo kwa vipindi ili apate riziki, na huku akiendelea na utafiti juu ya wafanyakazi wa Guyana wa miaka 1881 hadi 1905. Kitabu hicho kilitoka 1981. Mwenyewe hakukiona, kwa maana tarehe 13 Juni 1980, akiwa ndani ya gari na ndugu yake Donald, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano ya mkononi. Alikuwa na miaka 38.

Tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2014 ilitoa taarifa yake 2016, ikasema kwamba Burnham lazima alijua mpango huo. Wote wawili, ndugu zangu, walitoka shule moja. Mwaka 2021 serikali ya Guyana ilitangaza kwamba hati ya kifo cha Rodney itasahihishwa, maana kwa miaka 41, mahali pa kuandika kazi ya marehemu, palikuwa pameandikwa kwamba hana kazi.