Binti wa Ihithe Aliyevuka Bahari

Kwetu pwani safari ya kutafuta elimu si jambo geni. Masheikh wetu walipanda majahazi kwenda Hadhramaut na Hijazi, wakarejea wakafungua darsa. Huku Othaya, nilikokaa kwa kazi, bahari haionekani. Kuna milima ya Nyandarua na chai iliyopandwa hadi ukingoni mwa msitu. Hapo nikapata hamu ya kuyafuatia maisha ya marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Tetu, jirani na Othaya, tarehe 1 Aprili 1940.

Siku zile mabinti waliosomeshwa walikuwa wachache. Kaka yake Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akaafiki, tena kwa shida za siku zile!

Akasoma kwa masista Mathari, kisha Limuru. Mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana kiasi cha 300 waliopelekwa Marekani kwa ndege, kwa mpango alioupigania Tom Mboya. Akasoma elimu ya viumbe Atchison, Kansas, na mwaka 1966 akamaliza shahada ya pili Pittsburgh.

Aliporejea Nairobi alikuwa na barua ya kazi mkononi. Alipokwenda kuripoti akaambiwa nafasi kapewa mwingine. Mwenyewe aliamini kwamba alinyimwa kwa kabila lake na kwa kuwa ni mwanamke. Basi elimu ya ng'ambo haikumfungulia mlango papo hapo, na wazazi wanaouza mali kuwapeleka wana wao huko heri walijue hilo. Profesa wa Kijerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyemwajiri. Wangari akavuka tena, akafanya utafiti Giessen na Munich, na mwaka 1971 akapata udaktari, wa kwanza kwa mwanamke Afrika Mashariki na ya Kati.

Kwao Ihithe kulikuwa na mugumo, mti ambao Wakikuyu hawakuukata, na kando yake kijito alichochota maji utotoni. Alikuta mti umekatwa kupisha chai na kijito kimekauka. Wengi waliliona shamba tu. Yeye alijua mizizi ile ndiyo iliyoyashika maji. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt, akawafundisha kina mama wa vijijini kuotesha miche, wakilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Hata alipotunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameusia asizikwe kwa jeneza la mbao, nalo likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji.